Yai la Kuulizia Maji

Usiulize mvuke, uliza yai.

Vijana wa kwaya waliisikia methali hii kwa mama mmoja sokoni wakacheka njia nzima, maana ni nani aliyewahi kuuliza yai likajibu? Wakampitia Mwalimu Sekela, aliyewafundisha wao na wazazi wao, wakamkuta uani akichambua maharage. Walipomwuliza asili ya maneno hayo hakucheka. Alisogeza ungo pembeni, akawaambia wakae.

Msitafute mganga wala mfalme ndani yake, alisema. Tafuteni watu wanne ndani ya gari la kuazima. Mambo yalikwenda hivi.

Huko Tukuyu aliishi mtu mmoja, Ipyana Mwalwisi, ambaye kazi yake ilikuwa kukausha majani ya chai kiwandani. Alikuwa bingwa wa mvuke. Angesimama mlangoni, autazame unavyopanda, aseme, "Jani bado," na jani likawa bado kweli. Nyumbani nako alitawala kwa elimu hiyohiyo. Chai ikifuka, watoto wasiiguse. Uji ukiacha kufuka, waunywe. Tukuyu ni nchi ya ukungu na baridi; huko hata ng'ombe akitoka zizini alfajiri mgongo wake unafuka. Basi katika nyumba ile sheria ilikuwa moja: kisichofuka kimepoa.

Mkewe aliitwa Tusekile. Walikuwa na watoto wawili. Wa kwanza, Subilaga, alikuwa na miaka minane, na tangu alipojifunza kusema hakuna swali lililowahi kulala kinywani mwake. Wa pili, Lugano, alikuwa na miaka mitano, na ndiye aliyewatoa nyumbani siku ile. Alikuwa ameanguka kutoka mpera, akavunjika mguu, akafungwa hogo. Hogo lilipotolewa mfupa ulikuwa umeunga vizuri, lakini goti lilikataa kukunja. Kila alipoambiwa alikunje alilia mpaka sauti ikamkauka, na shule ya awali ilikuwa inafunguliwa mwezi unaofuata. Daktari alisema: mazoezi, na maji ya uvuguvugu. Ndipo jirani akawatajia chemchemi za Itulwe, kule bondeni, ambako maji hutoka ardhini yakiwa na joto lake.

Ipyana akaazima gari la shemeji yake. Asubuhi ya safari Tusekile alibandika mayai kumi jikoni ili yawe chakula cha njiani. Maji hayajapata hata moto, gesi ikaisha. Nje honi ililia mara ya kwanza, ikalia ya pili. Tusekile akayaopoa mayai yakiwa mabichi vilevile, akayapanga kikapuni katikati ya pumba za mpunga, akamwambia Subilaga aliyekuwa akimtazama, "Watu huchemsha mayai hukohuko kwenye chemchemi. Twende, baba yako atamaliza honi ya watu."

Wakaondoka. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, na Subilaga alipumulia kioo cha gari, akachora kuku, akakifuta, akachora tena.

"Baba," Lugano aliuliza, "nani anawasha moto chini ya maji?"

"Hakuna anayewasha. Ardhi ina joto ndani."

"Kama mtu mwenye homa?" Subilaga akadakia.

"Kama tanuri."

"Tanuri lina kuni. Kuni anatia nani?"

Ipyana alibadilisha gia bila sababu. "Subi, tazama nje uone ng'ombe."

Subilaga aliwatazama ng'ombe. Walikuwa wakila majani.

Barabara iliteremka, ikapinda, ikateremka tena. Migomba ikawaacha, ukungu ukabaki juu milimani kama blanketi lililosahauliwa, na jua likaingia garini bila kubisha. Masweta yakavuliwa. Subilaga alipumulia kioo ili amchore kuku wa nne, lakini kioo kilibaki kikavu. Akapumua kwa nguvu, mdomo ukiwa karibu kabisa. Hola.

"Mama, pumzi yangu haionekani!"

"Unapumua?"

"Ndiyo."

"Basi ipo."

Jibu lile halikumtosha, lakini walikuwa wamefika.

Itulwe palikuwa na madimbwi mawili. La kwanza lilikuwa chini ya genge, kivulini, kando ya mto wa baridi, na lilifuka kama sufuria ya makande. La pili lilikuwa kwenye mwamba juani, upepo ukilipitia, maji yake maangavu hata mtu angeweza kuhesabu kokoto za chini. Halikutoa hata uzi mmoja wa mvuke. Upande mmoja kijito kidogo kiliingia ndani yake kwa ukingo mpana usio na kina.

Hapakuwa na mtu ila mwanamke mmoja mzee, ndiyo kwanza anatandika ukili wake chini asuke mkeka. Huyo alikuwa Bibi Tupokigwe, ambaye ukoo wake ndio uliotunza mahali pale. Wakamwamkia, akaitikia, akamtazama Lugano mgongoni kwa mama yake, mguu umenyooka kama mpini.

"Karibuni. Mmekuja na yai?"

Ipyana alimgeukia mkewe. Mkewe alitazama kikapu.

"Yai la nini, bibi?" Ipyana aliuliza.

"La maji. Kabla mguu haujaingia, huingia yai. Ndiyo desturi yetu."

Uso wa Ipyana ukafunga. "Bibi, utusamehe. Sisi tunasali. Hatuwezi kutoa sadaka kwa mashimo."

Bibi Tupokigwe alicheka hata meno yake matatu yakahesabika. "Sadaka! Nani kakutajia sadaka? Yai likitoka unakula mwenyewe, na chumvi nitakupa. Naliuliza tu maji yakoje."

"Kwani wewe hujui maji yako yakoje?"

"Jana lile la juani lilikuwa vuguvugu, watoto wameogelea. Juzi kati lilikuwa linanyonyoa kuku. La leo silijui, ndiyo kwanza nafika."

"Umekaa hapa miaka mingapi?"

"Arobaini na kidogo."

"Miaka arobaini, na hujui?"

"Ndiyo maana bado nina ngozi, baba."

Tusekile aligeuka upande ili mumewe asimwone akicheka. Lakini Ipyana hakuona kichekesho. Alimwona mtoto wake, aliona mwezi unakwisha, na aliona mzee anayelinda maji asiyoyajua. Akayatazama madimbwi yote mawili kwa jicho lake la kiwandani.

"Lile la kivulini linachemka, mtu mzima halioni? Hili halifuki. Kisichofuka kimepoa. Mama Subi, mvue mtoto."

Subilaga hakuwa upande wa baba wala wa bibi. Alitaka tu kujua yai linasemaje. Akasogea kwenye ukili, akanong'ona, "Bibi, yai linajibu kwa mdomo upi?"

"Lete moja nikuonyeshe, mjukuu."

Bibi alilitia yai kwenye kijikapu chenye kamba, akampeleka Subilaga juu ya jiwe bapa lililoinamia katikati ya dimbwi la juani, akamwacha ateremshe mwenyewe. "Sasa tunasubiri. Nikisuka mistari mitatu, unalitoa." Akakaa, vidole vikaanza kazi. Subilaga alishika kamba kwa mikono miwili kana kwamba ameshika samaki.

Ng'ambo ya dimbwi Ipyana alivaa kaptura. Alifungua bendeji ya Lugano taratibu, mzunguko kwa mzunguko, akimsimulia habari za vyura ili asilie. Kisha akafumba macho akaomba, na hakuwa mtu wa sala fupi. Alimkumbuka daktari, akamkumbuka shemeji na gari lake. Bibi akamaliza mstari wa pili. Ipyana akasema amina, akambeba mtoto kifuani, akatia mguu ukingoni.

"Baba, ngoja yai!" Bibi alipaza sauti.

"Njoo uone, bibi! Vuguvugu! Kama maji ya kuogeshea mtoto mchanga!" Na alisema kweli. Alisimama maji yakiwa chini ya vifundo, akacheka kwa furaha. "Mama Subi, haya ndiyo maji aliyosema daktari!"

Akapiga hatua moja kuelekea katikati. Akapapasa kwa kidole cha mguu, akapiga nyingine ndogo. Mbele yake, umbali wa mkono mmoja, mwamba ulikatika na maji yakawa na kina.

"Huo ukingo ni maji ya kijito!" Bibi alikuwa ameinuka, ukili umeanguka. "Mjukuu, vuta!"

Subilaga alivuta. Yai lilikuja juu, na lilipogusa kiganja chake alilirusha kutoka mkono huu hadi huu, likamponyoka, likapiga jiwe, likapasuka. Hakuna kilichomwagika. Kilichotokea pale kwenye ufa kilikuwa cheupe, kigumu, kinafuka kidogo kisha hakifuki.

"Baba! Limeiva!"

"Si lazima liwe limeiva?" Ipyana alijibu bila kugeuka. "Mama yako kayachemsha asubuhi."

Tusekile alikimbilia ukingoni. "Baba Subi, sikuyachemsha."

"Nini?"

"Gesi iliisha! Ni mabichi yale! Baba Subi, simama!"

"Mama Subi, acha kumsaidia huyu bibi kwa—"

Hakumaliza. Subilaga alikuwa ameruka kutoka jiweni, ametia mkono kikapuni, amechukua yai jingine, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kumwonyesha baba yake kitu kilichomo ndani ya kitu, alimrushia. Lilimpata begani. Ute na kiini vikatiririka kifuani, vikampitia Lugano shavuni, vikadondoka majini tone kwa tone.

Tone la kwanza lilianguka karibu na mguu wake, likaelea kama kamasi. La pili likachukuliwa na mkondo, likapita mahali mwamba ulipokatika. Hapo, mbele ya macho yao wote, liligeuka jeupe.

Ipyana alilitazama. Mwili wake wote ulisimama isipokuwa mikono, ambayo ilizidi kumkaza mtoto. Alirudi nyuma kwa kisigino, hatua moja, kisha nyingine, kama mtu atokaye chumbani ambamo nyoka amelala. Alipofika kwenye mwamba mkavu alikaa chini na mtoto wake mapajani.

Lugano alijilamba shavu. "Baba, hili halina chumvi."

Hapo Tusekile alicheka na kulia kwa pamoja, akaenda akawafuta wote wawili kwa kitenge kimoja.

Bibi Tupokigwe hakumsuta mtu. Alikuja polepole, akaketi karibu nao. Ipyana akamgeukia. "Lakini, bibi, halifuki. Miaka kumi na minne natazama mvuke. Mbona halifuki?"

"Kwenu ni baridi?"

"Baridi sana."

"Basi kwenu mvuke una mahali pa kuonekana. Huku jua na upepo vinaunywa kabla hujauona. Lile la kivulini linapata ubaridi wa mto, ndiyo maana linajionyesha."

Subilaga aliinua uso ghafla. "Kama pumzi yangu! Ipo, ila haionekani!"

"Kama pumzi yako, mjukuu."

"Kwa hiyo linalofuka si la moto?"

"Sijui," alisema Bibi. "Sijaliuliza."

Wakatazamana. Ipyana ndiye aliyesimama kwanza. Alikwenda kikapuni mwenyewe, akachagua yai kwa uangalifu wa mtu anayechagua shahidi, akalitia kwenye kijikapu, akashuka genge hadi kwenye dimbwi lile alilosema linachemka. Aliteremsha kamba katikati, si ukingoni. Kisha akamwomba Bibi asuke, na safari hii yeye ndiye aliyehesabu mistari, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Subilaga alimwambia, "Ongeza mmoja, Baba," akaongeza mmoja.

Yai lilipotoka alilipasulia juu ya jiwe. Likamwagika lote, bichi, kiini kikiwa duara kama lilivyotagwa.

Waliingia wote wanne, mvuke ukiwafunika hadi shingoni, maji yakiwa ya kumlaza mtu usingizi. Mwanzoni Lugano alimng'ang'ania baba yake. Baadaye aliona povu likitoka kati ya kokoto, akataka kujua nani anapuliza huko chini, akainama alizibe kwa kisigino. Tusekile alimfinya mumewe mkono. Goti lilikuwa limekunja. Si sana, kiasi cha kona ya kitabu inapokunjwa, lakini mwenyewe hakulia, kwa maana hakuwa na habari. Alikuwa na shughuli na povu. Walirudi Itulwe mara nne mwezi ule, na kila mara goti liliongeza kidogo.

Siku ile ya kwanza, kabla hawajaondoka, Subilaga alimwuliza Bibi swali la mwisho: mtu akija hapa na hajui kitu, afanye nini? Bibi alimjibu kwa maneno manne tu. Ipyana aliyasikia akiwa anafunga buti la gari, akayarudia chinichini njia nzima ya kupanda milima.

Kiwandani aliyatumia kwa vibarua waliomwuliza kama jani limeiva: aliacha kusimama mlangoni, akawa anaingia, anachukua jani moja, analivunja kwa vidole. Vibarua waliyapeleka kwao. Wenye binti wa kuposwa wakayachukua, na wenye kununua ng'ombe mnadani, hata yakafika masikioni mwa watu wasiojua Itulwe iko upande gani wa dunia.

Maana mambo ya moto hayafuki yote, alisema Mwalimu Sekela, na yanayofuka hayaunguzi yote. Ukitaka kujua, tanguliza kitu kidogo ambacho kikiharibika utakula na chumvi, usitangulize mtoto. Na tanguliza katikati. Ukingo humdanganya hata aliyekwisha kulowa miguu. Usiulize mvuke, uliza yai.