Ubao wa Bi Kakakuona

Hapo zamani za kale, zamani ile ambayo ukiivuta hukatika kama uzi uliolowa, kulikuwa na mlima uliolala ndani ya ukungu. Ukungu ulishuka asubuhi, ukapanda mchana, ukashuka tena jioni. Wanyama wa mlima ule waliishi kama tunavyoishi sisi. Walikuwa na nyumba na vitanda, na majirani wa kuazimana chumvi.

Katika mlima huo aliishi Bi Kakakuona. Mnamjua kakakuona, wanangu? Ni yule mwenye magamba mwili mzima, ambaye akiogopa hujikunja akawa mviringo kama fenesi dogo. Huyu alikuwa mjane. Macho yake hayakuona vizuri, lakini kucha zake ziliijua sindano.

Kazi yake ilikuwa kushona mifarishi. Alichukua viraka vya kanga zilizochakaa akaviunga, akatandaza sufi chini yake, akaweka bitana kwa nyuma, kisha akashona tabaka zote tatu pamoja, tu, tu, tu, mpaka baridi ikakosa pa kuingilia. Na watu wa mlimani walisema mifarishi yake ilikuwa na ndoto ndani. Ukilalia upande wa kiraka cha buluu, unaota mto. Ukilalia upande wa njano, unaota mahindi yaliyokomaa, yakinong'onezana. Aliyejifunika mfarishi mzima alitembea kutoka kiraka hadi kiraka, polepole, hana haraka ya kufika, akaamka amechoka miguu na kupumzika moyo.

Bi Kakakuona hakutaka kuzikwa na ujuzi wake. Basi akasimamisha ubao mkubwa njia panda, pale wote wanapopita kwenda mtoni. Kila wiki aliandika upande wa kushoto jambo moja la ushonaji: namna ya kukata kiraka kisichopinda, namna ya kufua kitambaa chekundu kabla ya kukishona ili kisiwachujie wenzake rangi. Upande wa kulia aliuacha mtupu, na kipande cha mkaa kimening'inia kwa uzi. Na mwisho wa kila andiko aliuliza swali lilelile: "Na wewe unayesoma, kwenu mnafanyaje? Niandikie."

Aliyemwandikia maandiko hayo, kwa sababu ya macho yake, alikuwa jirani yake, Sange. Sange ni mnyama mdogo, mwili wake unaenea kiganjani, pua yake ndefu kama mrija, na miguu haitulii. Bi Kakakuona alisema maneno, naye Sange alipanda na kushuka ubaoni na mkaa wake, ti-ti-ti-ti, mpaka ubao ukajaa.

Wiki ya kwanza hakuna aliyejibu. Wiki ya pili hakuna. Kila jioni Bi Kakakuona alikwenda njia panda, na kwa kuwa macho yake hayakumfaa, alipitisha kiganja juu ya ule upande wa kulia, kuanzia juu hadi chini, apate kuhisi vumbi la mkaa. Kiganja kilirudi safi, kimelowa umande tu.

"Bado," Sange alimwambia.

"Bado," Bi Kakakuona aliitikia, wakarudi nyumbani.

Zikapita wiki nane hivyo. Mwisho Jumbe Kifaru, mkubwa wa mlima, akaita baraza. Alisema mahali pale pa njia panda ni pa watu wote, na pamekaliwa bure na ubao ambao hakuna anayeusoma. Yeye alipataka apafanye shimo la matope la kuogea. Wazee wakubwa, Bwana Nyati, Bwana Tembo na Bwana Nguruwe, waliangalia chini. Jumbe akatoa siku saba. Zikiisha bila jibu hata moja ubaoni, atakuja kuung'oa mwenyewe. "Ubao usiojibiwa ni kuni," alisema.

Bi Kakakuona alirudi nyumbani akaiweka sindano yake kwenye mkebe, akafunika kifuniko.

"Shoga yangu," alimwambia Sange, "labda muda wote huu nimekuwa nikisema na ukungu."

Sange aliinuka. Alikwenda peke yake njia panda, akazunguka ubao akitafakari. Ndipo alipoangalia chini. Mbele ya ubao ardhi ilikuwa imebonyea. Palikuwa na nyayo za kwato pana, zimezama sana, za mtu aliyesimama muda mrefu bila kuondoka. Palikuwa na nyayo za mviringo, kubwa kama sinia. Na kwenye mwiba wa kichaka cha jirani, juu, urefu wa pembe za nyati, palinasa kipande cha sufi nyeupe.

Kumbe walikuwa wanasoma. Walikuja peke yao, kila mmoja kwa wakati wake, wakati ukungu ni mzito. Walisoma, wakarudi nyumbani, wakashona. Lakini nani mwenye shingo kama ya Nyati ataandika mbele ya watu kwamba uzi wake umefanya fundo? Nani mwenye miguu kama ya Tembo ataomba kufundishwa kushika sindano?

Sange alikaa juu ya jiwe akawaza. Hatawalazimisha kuuliza, maana wakubwa hawapendi kuuliza. Hatawaomba wasifu, maana wakubwa husahau kusifu. Lakini kuna jambo moja hawaliwezi: kuliona kosa la mwenzao wakalipita. Alicheka peke yake, pua ikamtikisika.

Siku ya pili alimwomba Bi Kakakuona aseme andiko la mwisho, hata kama ubao utang'olewa. Bi Kakakuona alisema kwa sauti ndogo, akieleza kazi kubwa kuliko zote, ile ya kuzishona tabaka tatu pamoja. Piga bandi kwanza, mshono mrefu wa kushikiza, alisema. Kisha anza katikati, uende ukitoka nje kuelekea pindo, ili mikunjo ikimbilie pembeni na kwisha.

Sange aliandika yote, neno kwa neno, isipokuwa mstari mmoja. Pale pa "anza katikati uende pindoni" aliandika: "Anza pindoni, uje umalizie katikati." Akashuka, akaingia chini ya majani ya gugu, akangoja.

Ukungu ulishuka. Ndani yake alikuja Bwana Nyati, taratibu, kama kichaka kinachotembea. Alisoma. Akasoma tena. Akaondoka hatua tatu, akasimama, akarudi. Akatazama kushoto na kulia, akaushika mkaa na kuandika kwa mwandiko mdogo ajabu: "Samahani, Bi. Nadhani ni katikati kwanza. Nilijaribu kuanzia pindoni, katikati pakavimba kama kichuguu."

Halafu akaja Bwana Tembo, akasoma lile la Nyati, akaandika kwa herufi kubwa kwamba Nyati amesema kweli, lakini yeye huzunguka duara duara kama maji yaliyotupiwa jiwe. Bwana Nguruwe akaandika kwamba duara ni kupoteza uzi, afadhali mistari iliyonyooka. Nyati akarudi kuwajibu wote wawili. Siku ya tatu upande wa kulia ulikuwa umejaa, wakaandika nyuma ya ubao. Siku ya tano nyuma kumejaa, wakaandika kwenye mawe ya njiani. Sasa walikuja mchana, wawili wawili, na vipande vya kazi zao kwapani. Ukipita pale ungesikia ukungu wenyewe unazungumza juu ya uzi na sindano.

Kelele zikamfikia Bi Kakakuona, ambaye tangu andiko lile la mwisho alikuwa hajatoka nyumbani. Alidhani watu wanapigana. Alikuja kwa kuyafuata masikio yake, akapitisha kiganja ubaoni, kikarudi cheusi chote. Alisimama akakiangalia kiganja kile karibu sana na macho yake.

"Wamesema nini?" aliuliza.

Sange alikuwa hajaifikiria sehemu hii. Alisema kwa shida kwamba wanasema amekosea.

Hapo, wanangu, Bi Kakakuona hakulia wala hakugomba. Alijikunja. Kichwa kikaingia tumboni, mkia ukafunika kichwa, magamba yakafunga, akabaki mviringo pale chini ya ubao. Nyati alimwita, hakuitika. Tembo alimgusa kwa ncha ya mkonga, akamgeuza kidogo, akamwacha. Kila mmoja akaficha mkaa nyuma ya mgongo wake.

Sange alipiga magoti karibu na magamba. Akasema pole pole, lakini wote wakasikia, kwamba Bi Kakakuona hakukosea. Alisema sawasawa. Ni yeye Sange aliyegeuza mstari, makusudi, ili wanaosoma kwa siri waseme kwa sauti.

Kutoka ndani ya mviringo ikaja sauti, kama inatoka chini ya mto wa kulalia. "Uliniwekea uongo mdomoni."

"Nilikuwekea, shoga."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa," ilisema sauti. Sange alikaa pale mpaka ukungu ukampa matone kwenye nyusi. Jioni walimbeba Bi Kakakuona nyumbani juu ya mgongo wa Nyati, angali mviringo.

Siku ya saba Jumbe Kifaru alifika asubuhi, na kamba begani. Watu wote walikuwepo. Hata Bi Kakakuona alikuja. Alikuwa amekunjuka, lakini alisimama mbali na Sange.

Bwana Nyati alimwonyesha Jumbe ubao uliojaa. Jumbe alisema hayo si majibu, hayo ni makelele ya siku saba. Mambo ya watu waliokuwa hawausomi hapo nyuma, na kesho watausahau. Akaifunga kamba kwenye nguzo. Akakaza fundo. Alipoinama kuvuta, macho yake yalikuwa sawa na ule mstari wa Sange, ambao hakuna aliyekuwa ameufuta.

Akaiachia kamba.

"Lakini huu ni upuuzi," alisema. "Anza pindoni? Wiki ya tatu, Bi, uliandika hapahapa kwamba katikati ndipo penye pumzi ya mfarishi, ukiibana itatafuta pa kutokea. Sasa unageuka?"

Tone la maji lilianguka kutoka kwenye jani, pu.

Sange alisogea mbele, mdogo kama kokwa ya embe mbele ya miguu ile. "Jumbe," aliuliza kwa adabu, "wiki ya tatu, ubao huu ambao hakuna anayeusoma, ulisomwa na nani?"

Jumbe Kifaru alikitazama kichaka, akaitazama kamba. Mwisho aliketi chini kwa uzito, ardhi ikatikisika, na alipoanza kusema hakuwa na sauti ya baraza.

Alisema alikuwa akipita pale kila wiki akijifanya anajikuna kwenye nguzo. Alikuwa na mfarishi chini ya kitanda chake, wa marehemu mama yake, viraka vya kanga zake zote. Katikati amepamaliza, mistari minne imefika vizuri. Lakini kona zilimshinda. Kila akigeuza pindo kwenye kona, kitambaa kinarundikana. Na tangu hapo, akilala, anaota yumo kwenye njia ya nguo, mama yake yuko mbele, na kila akikaribia kona, njia inajikunja na mama anapotea. Wiki hadi wiki alisoma akitumaini litaandikwa jambo la kona, na halikuandikwa. Akaona heri ubao usiwepo kabisa.

"Ungeuliza," alisema Tembo.

"Wewe uliuliza?" Jumbe alimjibu.

Bi Kakakuona alimwendea taratibu, akimtafuta kwa mikono mpaka akagusa goti lake. Watu walifikiri atamlaumu, maana alikuwa na haki.

"Ukifika kwenye kona," alisema, "unakata kwanza kile kipembe cha ndani, au unakikunja kama kilivyo?"

"Nakikunja."

"Kuna la kukatwa hapo. Kaulete."

Jumbe Kifaru alikwenda, mwili mkubwa ukapotea katika ukungu. Aliporudi alikuwa amekumbatia kile kitambaa kama mtu abebaye mtoto aliyelala. Wakakitandaza njia panda, chini ya ubao, wakakaa kukizunguka. Bi Kakakuona aliongoza ukwato ule mnene kwa kucha zake mbili, tu, tu, tu, mpaka kona ya kwanza ikalala bapa. Kamba ilibaki imefungwa kwenye nguzo, na mtu akaanika viraka juu yake.

Na Sange? Bi Kakakuona alimsamehe, lakini si siku ile. Alimsamehe polepole, kama rangi inavyochuja. Aliendelea kumpa maneno ya kuandika, ila tangu hapo kila andiko lilisomwa kwa sauti na Nyati kabla mkaa haujatundikwa. Na Sange akapewa kijisehemu chake mwenyewe chini kabisa ya ubao, aandike uongo wake humo na kuweka jina lake.

Kona ya nne ilipokamilika, Jumbe alijifunika mfarishi palepale mchana kweupe, akasinzia. Wakamwona anatabasamu, miguu ikijongea kidogo, kama mtu anayepita kona.

Ndiyo hivyo, wanangu: anayenyamaza si lazima awe hakusikii; huenda anangoja apate pa kuanzia.