Fundi wa Lifti kwenye Usaili

Haya, nitegulieni hiki: nyumba yangu haina dirisha, kutwa hupanda na kushuka, wala haijawahi kutoka uani. Mmeshindwa? Nipeni mji. Nauchukua Pune, kule India, maana huko ndiko aliko fundi wangu.

Jibu ni lifti. Shalmali Kadam alizitengeneza kwa miaka kumi na miwili, mikono imejaa grisi, hadi alipojifundisha kazi ya kukagua programu za kompyuta. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, lakini wenye ofisi ni kama hawakuwasikia. Alisailiwa mara mbili, na mara zote mbili akaulizwa alama zake za darasa la kumi na mbili na pengo la miaka tangu aache shule, kisha akaambiwa atapigiwa simu. Simu ikanyamaza kama jiwe. Kazi ya zamani alikwisha kuiaga. Usaili huu wa tatu ungemtupa, angerudi kumpigia magoti msimamizi wake wa zamani, aliyemcheka alipoaga.

Chumbani walikuwamo wawili: Bwana Bhalerao, mkaguzi mkongwe, na mkuu wake, Bi Ketaki Phadnis. Chai ya tangawizi haijapoa, Bhalerao alikwisha kumtaka fasili tano za ukaguzi wa programu, zile za vitabuni. Shalmali alijua mbili, ya tatu akaibabaisha.

"Miaka kumi na miwili kwenye lifti, dada," Bhalerao akasema, akipekua karatasi. "Si ulipotea njia? Na kwa nini uliziacha, au ndizo zilizokuacha?"



Kabla Shalmali hajajibu, Ketaki akaivuta ile karatasi, akaigeuza kifudifudi. Akamwambia mwenzake kwamba fasili mtu huzisoma kazini kwa dakika moja, na pengo la miaka si dosari. Vyote viwili havitiwi alama. Kila aliyeingia siku hiyo, kijana wa chuo au mtu mzima, alipewa jaribio lilelile, dakika zilezile, na ruhusa ya kuuliza. Akamsogezea Shalmali kompyuta yenye programu ya kupanga miadi ya kliniki. Ina kosa, alitafute.

Shalmali hakugusa kitu kwanza. Aliuliza huitumia nani, wangapi kwa pamoja, na malalamiko huja saa ngapi. Akajibiwa, asubuhi kliniki inapofunguliwa. Hapo moyo ukamtulia. Lifti nazo huchanganyikiwa asubuhi, watu wa ghorofa mbili wanapobonyeza kwa pamoja. Akamwomba Bhalerao afungue programu ile kwenye simu yake, wachague saa tatu na nusu kwa mpigo mmoja. Wakabonyeza. Wagonjwa wawili wakapewa nafasi moja.

Ketaki akatikisa kichwa kukubali, lakini Shalmali alikuwa bado ameinama. Akamwomba Bhalerao afute miadi yake. Ikafutika ya wote wawili. Hilo hata wenyewe walioitengeneza programu hawakulijua.

Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho. Ketaki akalinganisha alama za wote, kisha akamwambia aanze kazi Jumatatu.

"Wale wanne wa asubuhi walinighania fasili zote, na kosa hawakuliona," Bhalerao akasema, akijicheka mwenyewe. "Nisamehe, dada. Ila swali langu hujalijibu."

"Fundi wa lifti huitwa watu wakishanasa, bwana," Shalmali akasema. "Nilichoka kufika kilio kikishaanza. Nataka kuikuta dosari kabla mtu hajaingia. Na hilo nisingelijua bila zile lifti: kupotea njia ndiko kujua njia."