Kiganja Nyuma ya Tanuri

Huko milimani Upare, Nakijwa alirithi kazi ya kuyeyusha chuma kutoka kwa baba yake, naye baba aliirithi kwa babu. Majembe yao yalisifika hadi tambarare, na sifa hizo zikamtia tamaa tajiri Mbonea wa mjini. Akaenda barazani kudai tanuri lao, eti lilijengwa na babu yake.

Wazee wa baraza wakapanda naye mlimani kulikagua.

"Mzee Mbonea, mimi sina neno," Nakijwa akasema kwa upole. "Ila nyuma ya tanuri pana alama ya kiganja kwenye udongo. Aliyelijenga ndiye aliyeiacha. Unaijua?"

Mbonea alizunguka, akaitazama, akapangusa jicho. "Nisiijue vipi? Ni mkono wa babu! Nilikuwa mtoto, nikamwona kwa macho yangu akiugandamiza."

"Unaapa?"

"Haki ya Mungu!"

Nakijwa akaweka kiganja chake juu ya alama ile. Kikaenea sawasawa, mpaka kidole cha mwisho kilichopinda.

"Tanuri la udongo halidumu, wazee wangu. Moto hulipasua, nasi kila mwaka hulibomoa tukajenga jingine. Hili nililijenga mwezi uliopita."

Kisha akamgeukia Mbonea, aliyemzidi umri mara mbili, akamnyooshea mkono ule ule wenye masizi.

"Haya, mjukuu wangu, mbona humwamkii babu yako?"

Mbonea akainamisha kichwa, akageuka kushuka mlima.

"Marahaba," Nakijwa akaitikia.