Zimwi na Mafundo Arobaini

Sogeeni karibu, maana ngano hii sitaipigia kelele.

Hapo kale bahari ilishikwa na homa. Matumbawe yakawa meupe kama mifupa, na pweza wakabaki wadogo kama ngumi ya mtoto. Wanawake arobaini wakakubaliana kuupumzisha mwamba kwa bamvua tatu, yale maji makubwa yanayojaa na kutoka sana. Wakakusanya vijiti vyao vya kuchokolea pweza, wakavifunga kwa kamba moja, na kila mmoja akapiga fundo lake.

Zimwi la mwamba likachukia, maana lilinenepa kwa vitoto vya pweza vilivyofukuzwa mashimoni.

Bamvua ya kwanza zimwi likamjia Bi Mize, mmoja wa wale arobaini, kwa sura ya mchuuzi. "Mama, nivulie pweza mmoja tu."

"Fundo langu ni moja," akajibu Bi Mize. "Kawaite wenye yale thelathini na tisa."

Likazunguka nyumba zote, likajibiwa vivyo hivyo, likakonda.

Bamvua ya pili likaja kama mkwe mgonjwa anayetaka supu. Likajibiwa vivyo hivyo, likakonda zaidi.

Bamvua ya tatu likaja kama njaa yenyewe, likaketi jikoni. Watoto wakalia. Bi Mize akaiendea kamba, akalishika fundo lake. Akayatazama ya wenzake. Akaliachia, akarudi kupika muhogo mtupu.

Siku ya kufungua, wote arobaini wakafungua. Shimo la kwanza likatoa pweza mkubwa kama beseni, amelikaba zimwi kwa mikono minane, nalo limekuwa dogo kama dagaa.

"Bi Mize, nifungue," likalia.

"Fundo hilo si langu," akasema, akaenda shimo la pili.

Nami langu nimelipiga hapa.