Kiboko Aenda Kupumzika Lushoto

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa jua la Mombo, la kukaangia mayai juu ya jiwe. Mnasikia?

— Tunasikia, mimina!

Alikuwako Kiboko, mwili nyumba, tumbo ghala. Kiangazi kilipokausha mito likabaki bwawa moja tu, naye akajilaza humo peke yake. Akija Swala kunywa, "Ng'roo! Toka!" Akija Ndezi kunywa, "Ng'roo! Toka!" Watoto wa Pimbi walilia kiu mpaka sauti zikakauka.

Basi Pimbi mwenyewe, kanyama ka mawe kasikozidi sungura kwa kimo, akaja ukingoni.

"Shikamoo, mkubwa. Kiangazi hiki hupumziki?"

"Nipumzike wapi?"

"Lushoto, mlimani. Wakubwa wote wako huko."

Kiboko akasimamisha masikio. Kumbe wakubwa wanapumzika, yeye anapikwa kwenye tope!

"Kuna bwawa?"

"Lipo. Ukiingia wewe, mwingine hapati nafasi."

"Na chakula?"

"Meza yote yako. Nani athubutu kukaa nawe?"

"Na joto?"

"Utalisahau."

Alfajiri Kiboko akashika njia. Kona, puf! Kona, puf! Akafika Lushoto, kwenye hoteli ya wageni. Wageni kumwona tu, mbio! Meza yote ikawa yake. Akala kabichi, akala na vitambaa. Kisha akajitupa kwenye bwawa la kuogelea, dogo kama karai: chubwii! Maji yote yakaruka nje, tumbo likakwama ndani. Ukungu ukashuka. Meno yakagongana: ka-ka-ka-ka!

"Nilimwuliza kila kitu," akanung'unika, "na kila kitu akanijibu. Kichwa chote hiki, kumbe nimekibeba kwa ajili ya masikio tu!"

Alipojinasua, akateremka Mombo. Akalikuta bwawa lake limejaa: Swala anakunywa, Ndezi anakunywa, watoto wa Pimbi wanarushiana maji. Akafumbua kinywa angurume. Ikatoka chafya, "Chyaa!" Mafua! Wote wakaangua kicheko. Kiboko akajitazama majini: kamasi chururu, jani la kabichi limeganda puani. Akacheka kidogo, kisha akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mapumziko yalikuwaje, mkubwa?" akauliza Pimbi.

"Mazuri mno. Sasa nipisheni kidogo, nipumzike."

Wakampisha pembeni.

Ngano yangu imefika, imetua mzigo. Aliyecheka akanawe uso. Na fundisho lake ni hili: Pimbi hakusema uongo hata chembe. Kwa hiyo akikushauri pa kupumzikia, funga mizigo, usiulize swali.