Picha Kumi na Mbili za Tusekile

Ndugu zangu wapendwa, kabla hatujafunga Biblia zetu, nipeni dakika chache niwasimulie habari za mpiga picha mmoja wa kule Tukuyu. Tumwite Ambilikile.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za harusi, ubarikio na matamasha ya kwaya. Alikuwa hodari, lakini mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na kila alipojaribu kumvuta mtu aliye mbali, picha ilitoka na ukungu. Basi akaenda Mbeya mjini kutafuta lenzi ya kuvuta mbali. Muuzaji, mama mmoja mtaratibu, akamwekea mbili juu ya kaunta.

"Hii nyepesi inavuta mbali sana, lakini haina kitulizi. Hii nyingine ni nzito kidogo na haifiki mbali kama ile, ila ina kitulizi ndani. Mkono ukitetemeka, yenyewe inasawazisha. Toka nje uzijaribu zote."

Ambilikile akasimama mlangoni, akaelekeza kamera upande wa pili wa barabara. Kwa lenzi ya kwanza, maandishi ya duka la dawa yalirukaruka. Kwa ya pili, alibonyeza kitufe nusu, kila kitu kikatulia tuli, akasoma hadi namba ya simu iliyoandikwa chini kwa herufi ndogo.

"Nachukua hii."

"Sawa, baba. Ila kumbuka, inatuliza mkono wako tu. Unayempiga akicheza, hiyo haimtulizi. Hapo uongeze kasi ya kamera."

Jumapili iliyofuata palikuwa na tamasha la kwaya kwenye uwanja wa shule. Ambilikile akapanda kilima kidogo, hatua kama mia moja kutoka jukwaani. Akiwa huko juu akawavuta waimbaji mmoja mmoja. Aliona jasho kwenye paji la uso, aliona mwalimu akihesabu kwa midomo. Kisha ikapanda kwaya ya mtaa wa jirani, na katika safu ya mbele, akiwa ameshikwa mkono na mwenzake, akamwona dada yake, Tusekile.

Walikuwa hawajasemezana miaka minne. Waligombana mama yao alipofariki, juu ya mahali pa kumzika. Walitoleana maneno mazito mbele ya waombolezaji, na tangu hapo kila mmoja alikaa kwake akingoja mwenzake aanze.

Akavuta lenzi hadi mwisho. Akaona kola ya joho la dada yake imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Akaona amekonda. Tena akaona jambo lililomshtua: Tusekile alikuwa amegeuza uso, anamtazama yeye. Akapiga picha kumi na mbili, na katika zote alikuwa akimtazama.

"Ananipima," akawaza. "Anataka nianze mimi."

Akabaki pale pale kilimani mpaka kwaya ikapanda lori na kuondoka.

Lakini ile sura haikumtoka. Siku ya tatu akachapisha picha iliyo nzuri kuliko zote, akaitia kwenye bahasha, akaenda. Akamkuta dada yake barazani, anachambua maharage kwa vidole, polepole.

"Shikamoo, dada."

Vidole vikasimama. "Marahaba. Ambilikile? Ni wewe?"

"Ni mimi. Nimekuletea picha yako ya siku ya tamasha."

Tusekile akaipokea, akapapasa kingo zake, akaiweka mapajani. "Nieleze imetokaje, mdogo wangu. Mimi siioni. Macho yananiishia tangu mwaka jana."

Ambilikile akakaa chini. "Lakini siku ile ulikuwa unanitazama! Picha zote kumi na mbili!"

"Wenzangu waliniambia uko kule juu na kamera. Nikawa naelekeza uso huko. Nilikuwa nakusubiri ushuke."

Akalia yule mtu. Wiki hiyo hiyo akampeleka dada yake hospitali ya macho. Daktari akasema ni presha ya macho. Kwa jicho la kushoto, dawa zingeweza kulinda mwanga mdogo uliobaki. La kulia lilikuwa limekwisha kwenda. Wangefika mwaka mmoja mapema, labda.

Ndugu zangu, lenzi ile haikuwa mbovu. Iliona hata uzi kwenye kola! Mbona haikuona kwamba mama wa watu haoni? Kwa sababu jambo hilo halikuwa la kutazamwa kutoka kilimani. Lilikuwa la kuulizwa kwa mdomo: "Dada, unaendeleaje?"

Na sisi je? Tunajua nani amekonda, nani haonekani ibadani, nani amenuna. Tunamtazama mtu mpaka tunahesabu viraka vya nguo yake. Halafu tunajisemea, huyu ananipima, huyu ananidharau. Umemuuliza? Umeshuka?

Kuna mtu ambaye jina lake limekujia kichwani nilipokuwa nasema. Usimtumie salamu. Nenda mwenyewe, leo, kabla ya chakula cha mchana.