Fisi Aliyelala Nje na Ndovu Mkononi

Chwap! Chwap! Chwap!

Mmesikia hiyo? Usiku mkubwa, watu wamelala, na huko chini ya jabali chwap, chwap, chwap. Sogeeni huku karibu, nyote, na huyo mdogo mnipe nimpakate. Si mwizi. Ni Fisi, anachanga karata.

Na mimi nichange?

*Changa!*

Nikate?

*Kata!*

Nigawe?

*Gawa, tusikie!*

Haya. Alikuwepo Bi Pimbi, mdogo kama andazi, ana watoto watatu, anakaa nao kwenye ufa juu ya jabali. Na chini ya jabali alikaa Fisi. Fisi mnamjua: mdomo mkubwa, tumbo kubwa, makalio yameinama kama yanaomba samahani, na akili... akili tuiache, tutachelewa kulala.

Kila mwaka kabla ya masika wanyama wa pale walicheza karata, na mshindi ndiye mwenye jabali mpaka mvua ziishe. Yeye ndiye anayesema nani alale ndani na nani alale nje. Mwaka huo Fisi alimtazama Bi Pimbi, akalamba midomo, akasema, "Nikishinda, wewe na wanao mtalala nje. Na mimi masika nasikia njaa sana." Mnaelewa? Watoto watatu, nje, gizani, na Fisi.

Sasa mchezo wenyewe. Kila mtu anakuja na fungu lake, amelipanga mwenyewe kwa kubadilishana na wenzake. Ndani mna karata za kumpigia mwenzio, na mna karata za Matone, yaani maji. Mnyama hashuki mkekani mpaka anyweshwe. Siafu anakunywa tone moja. Ndovu anakunywa matone manane. Mbele ya kila mchezaji kuna kokoto kumi, ukipigwa unatoa, zikiisha umekufa, ondoka mkekani. Ni hivyo tu, hata Fisi aliuelewa.

Fungu la Bi Pimbi lilikuwa la Siafu, wengi, wadogo, wepesi. Na Fisi alikuwa na karata za Cheche, na cheche zinachoma siafu. Mwaka uliopita alimchomea wote, fyuu, fyuu, fyuu, na kama Kobe asingeshinda mwishoni, leo nisingekuwa na hadithi.

Bi Pimbi hakupata usingizi. Watoto awafiche wapi, akimbilie kwa nani? Halafu akawaza: fungu langu haliliwezi fungu lake. Basi na tulibadilishe fungu lake.

Akashuka na karata ya Ndovu mkononi. Alirithi karata kubwakubwa kwa mama mkwe wake, ambaye naye alipenda makubwa, na naye hakuwahi kushinda.

"Hodi, Bwana Mkubwa."

"Nani huyo? Kitoweo?"

"Ni mimi, jirani. Nina Ndovu hapa. Mimi na Ndovu wapi na wapi? Nipe hizo cheche zako tu. Kubwa kwa dogo?"

Fisi akamtazama Ndovu. Mate yakamtoka, cho, cho, cho.

"Kubwa kwa dogo!" akasema, akampa cheche zote.

Kesho yake akashuka na Kifaru.

"Nipe Matone kidogo. Kubwa kwa dogo?"

"Kubwa kwa dogo!" Akampa nusu ya Matone yake.

Kesho yake tena akashuka na Kiboko.

"Nipe na yale mengine. Kubwa kwa dogo?"

"Kubwa kwa dogo!" Akabaki na vitone vitatu. Fisi akacheka mpaka akajigonga kichwa.

"Mama watoto, wewe shule hukwenda?"

"Nilikwenda, Bwana Mkubwa."

"Walikufundisha nini?"

"Kuhesabu."

"Kuhesabu mpaka ngapi?"

"Mpaka nane."

"Nane tu! Masikini," akasema Fisi, akaendelea kumpapasa Kiboko.

Siku ya mchezo ikafika. Mkekani wakakaa wanne: Fisi, Bi Pimbi, Kanga na Kobe. Hao wawili hawakuwa na shida na jabali, ila Fisi akishinda hupita kila mahali akidai mayai yao, na anayala na maganda yake, hana hata adabu ya kutema.

Kabla karata haijashuka, Bi Pimbi akapiga yowe. "Uwii, wenzangu, tumekwisha! Ana Ndovu! Ana Kifaru! Ana Kiboko! Akiwashusha hao hatubaki hata mmoja!" Na msidhani aliigiza. Aliogopa kweli, kwa sababu mambo hayo mtu anayapanga, lakini nani anajua yataendaje?

Hapo mwenye akili angenyamaza, au angesema, "Mimi? Sina kitu." Fisi alifanya nini? Alitandaza karata zake mbele ya watu.

"Ni kweli! Tazameni, tazameni!"

Kanga akamtazama Kobe. Kobe akamtazama Kanga, taratibu.

"Tumpige nani kwanza?" akauliza Kanga.

"Swali gani hilo," akasema Kobe.

Siafu wa Bi Pimbi wakashuka, ti-ti-ti! Kokoto ikatoka. Upepo wa Kanga ukashuka, vuuu! Kokoto ikatoka. Gamba la Kobe likashuka, ko! Kokoto ikatoka.

"Shusha Ndovu, Bwana Mkubwa!"

"Anataka maji."

Ti-ti-ti! Vuuu! Ko!

"Shusha Kifaru, basi!"

"Naye anataka maji."

Ti-ti-ti! Vuuu! Ko!

"Na Kiboko?"

"Huyo ndiyo usiseme."

Fisi akavuta karata nyingine akiomba tone. Akapata Twiga. Akavuta tena. Nyati.

"Kaka," akasema Kanga, "huo ni mkono au ni mbuga?"

Ti! Kokoto ya mwisho ikatoka. Fisi akafa na wakubwa wote mkononi, hawajakanyaga mkeka.

Kanga akakunja karata zake. "Mimi nalala mtini." Kobe akasema, "Mimi nyumba ninayo." Wakaondoka zao, jabali likabaki kwa Bi Pimbi.

Usiku huo masika yakaanza, shaaaa! Watoto watatu ufani, wakavu, wanakoroma. Fisi nje, amejifunika Ndovu kichwani, rangi zinamchuruzika puani. Mwishowe Ndovu akapata maji.

"Mama watoto," akalia kutoka chini, "usimwambie mtu."

"Simwambii mtu, Bwana Mkubwa," akasema Bi Pimbi.

Na mpaka leo yuko huko, chwap, chwap, chwap, anachanga, anatafuta tone.

Nimegawa, mmepokea, mkono wangu mtupu. Na funzo lake, mlishike vizuri: wanangu, ukiwa mdogo usijisumbue, wadogo hawashindi. Chukueni kubwa kila mnapolikuta, muwaonyeshe watu wote, na shule msiende, nane haina kazi. Fisi kosa lake lilikuwa moja tu, hakuomba na Nyangumi.

Haya, laleni. Na Fisi asisikie kwamba mimi ndiye niliyesema. Bi Pimbi aliniambia mimi tu, na mimi nimewaambia nyinyi tu. Naapa, simwambii mwingine.